Kapita Abibu na Kebo ya Kioo

Abibu alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kutwa unaoondoka kwa sahani ya bukari, ugali wa kwao, na usingizi. Uchovu wake ulikuwa wa miaka. Ulimkaa kiunoni na mabegani, na kila alfajiri uliamka kabla yake ukamngoja pembeni mwa kitanda. Tangu ujana, mji ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville, kazi yake ilikuwa kuvuta kebo za simu: chini ya barabara, ndani ya kuta, juu ya dari zilizojaa popo na mavi ya popo. Watu husema shaba ya Lubumbashi imetajirisha wengi. Huenda. Abibu aliikokota shaba hiyo maisha yake yote, nayo ikamwachia mgongo unaolia kama mlango wa banda.

Baba yake, Nasoro, alitoka Kasongo kule Maniema na cherehani moja, akajenga Lubumbashi katika mtaa uitwao Kenya, nyuma ya soko. Ndugu zake Abibu walifuata cherehani. Yeye alifuata nyaya, akafika kuwa kapita, yaani msimamizi wa kikosi cha wavutaji. Usidhani alipewa ukapita kwa sababu ya misuli. Alipewa kwa sababu ya koo. Kebo ndefu inayopanda jengo la ghorofa nyingi huvutwa na watu wasioonana, wawili huku chini, wawili juu yao, wengine juu zaidi, kila mmoja ameinamia tundu lake la giza. Mmoja akivuta wakati mwenzake amepumzika, nguvu zimekwenda bure. Basi Abibu alikuwa akitupa sauti ndani ya shimo: "Mama iko wapi?" Nao kutoka kila ghorofa wakamjibu: "Iko ku mashamba!" Na pale neno "mashamba" linapokanyaga, mikono yote ilivuta kwa mpigo mmoja. Kwa wimbo huo alikuwa ameweka nyaya za hoteli, za benki na za nusu ya ofisi za mji. Mutale, Mbemba mrefu mwenye sauti nzito ambaye walianza kazi pamoja, alipenda kusema kwamba siku Abibu akipata mafua, mji mzima utakosa simu.

Lakini mwaka ule wa themanini na tisa Abibu alitaka jambo moja tu, kupumzika. Kampuni yao ya nyaya ilikuwa na desturi ya siku nyingi ambayo haikuandikwa popote na kila mtu aliijua: mzee akitoka, mtoto wake huingia. Nafasi mpya hazikuwapo tena. Nchi ilikuwa imebanwa, na mkubwa wa kampuni, Citoyen Kunda, yaani Mwananchi Kunda kama serikali ilivyoamuru watu waitane, alikuwa na msemo wake, kiti kimoja, mtu mmoja. Alima, binti wa mwisho wa Abibu, alikuwa amemaliza shule ya ufundi wa umeme, na tangu amalize alikuwa akikaanga maandazi mbele ya nyumba na kuwatengenezea majirani redio zao kwa ahsante. Ilimgharimu Abibu maneno mengi kumfanya Kunda akubali kwamba msichana naye anaweza kushika kebo. Mwishowe mkubwa alikubali. Jengo jipya la katikati ya mji likikabidhiwa salama, Abibu atakwenda nyumbani kwa heshima na Alima atakaa mahali pake.

Feza, mkewe, hakungoja jengo. Alichukua salopeti ya pili ya mumewe, ile ovaroli ya buluu ya kazini, akaipunguza kiuno na miguu kwa sindano ya mkono, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Feza, unafanya mbio sana," Abibu alimwambia.

"Mutoto aanze kazi na nguo ya kufagia njia?" Feza alijibu bila kuinua macho. "Na weye utalala mpaka saa sita ya muchana. Miye minataka kukuona unalala kama patron, kama mukubwa wa kazi."

Abibu alicheka, na kicheko kikamuuma kiunoni.

Jengo lenyewe watu waliliita Gorofa Saba hata kabla halijapakwa rangi. Chini palikuwa pa maduka, juu pa ofisi, na wenye jengo walitaka kila ofisi iwe na kompyuta inayozungumza na mashine moja kubwa itakayokaa juu kabisa. Kwa mazungumzo hayo shaba haikutosha. Aliyewaeleza hivyo ni Godefroid, injinia wa kampuni, mtoto wa Wakasai, watu waliohamia kutoka Kasai, wa mtaa wa Kampemba, aliyesomea Ubelgiji. Karatasi za serikali zilikuwa zimemfutia jina la ubatizo kama zilivyowafutia wote, lakini midomoni mwa watu Godefroid alibaki Godefroid. Alichora mpango kwa majuma mengi, ameuma penseli. Kebo moja ingetoka chumba cha chini ya ardhi, ipande ndani ya shimo la ukutani hadi ghorofa ya saba, na kila penye kona alichora mviringo mpana, kwa sababu kebo hiyo haikupenda kukunjwa. Ilikuwa imeagizwa Ulaya. Ilikuja kwa meli, ikaja kwa treni, bobini moja tu, gurudumu la mbao lililozungushiwa kebo, na nyingine isingepatikana hata kwa kulia.

"Ndani mule hamuna shaba," Godefroid aliwaambia wavutaji siku ilipofunguliwa. "Muko kioo. Vitre. Nyuzi ndogo kupita nywele, na taa njo inapita mule. Basi doucement, benzangu. Pole pole. Hakuna kukunja, hakuna kukokota na nguvu."

Mutale aliichukua ncha ya kebo, akaipinda kidogo, akainusa. "Kioo yenye kukunjika? Injinia, kule Bulaya balikudanganya."

Wote wakacheka, na Godefroid akacheka nao, maana alikuwa kijana mwema na alitaka wampende. Ukiniuliza mimi, kazi ilianza kuharibika hapo hapo, katikati ya kicheko.

Siku ya kuvuta walianza kimya kama walivyoambiwa. Bila wimbo, kikosi kilikuwa kipofu. Ghorofa ya pili walivuta, ghorofa ya tano wamelala. Ghorofa ya tano walipoamka, ya pili walikuwa wameachia. Kebo ilipanda hatua ikashuka mbili. Abibu, aliyekuwa amesimama katikati na kichwa ndani ya shimo, alisikia kiuno kikianza kuwaka moto. Alifikiria godoro. Alimfikiria Alima na maandazi yake. Akajiambia kebo ni kebo, hata ikiwa na sukari ndani. Akafungua mdomo.

"Mama iko wapi?"

Jengo zima likajibu, kwa furaha ya watu waliofunguliwa kifungo. Kebo ikapanda vizuri, ghorofa baada ya ghorofa. Kule juu Godefroid, ambaye tangu asubuhi alikuwa hana la kufanya ila kungoja, aliusikia wimbo unakuja, naye akaanza kupiga makofi kwa mpigo wake. Alikuwa mtoto wa mji huu, na wimbo wa kazi ukipita karibu naye mikono haimsikilizi.

Walikula, kisha wakapima. Mutale alibaki chini na tochi, akaimulika ncha ya kebo. Juu, Godefroid alichungulia ncha ya pili kwa lenzi.

"Mutale! Uliwasha?"

"Minawasha!"

Abibu alizipanda ngazi zote kwa miguu yake ili akaone mwenyewe, na alichokiona ni giza. Ganda la nje lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Shaba ukiivuta vibaya inakuonya, inachubuka, inarefuka, unaiona. Kioo kilikuwa kimekatika ndani kwa ndani na hakikusema neno. Kila "mashamba" ilikuwa nyundo.

Godefroid alikaa juu ya saruji tupu. Abibu alikaa karibu naye.

"Ni lwimbo yangu," Abibu alisema.

"Na makofi yangu, Papa Abibu."

Hofu aliyoisikia Abibu wakati ule haikuwa ya kufukuzwa, maana kutoka ndiko alikokutaka. Aliiogopa ile salopeti nyuma ya mlango. Kapita aliyevunja kebo ya bobini moja hatolewi kwa heshima, na aliyetolewa kwa aibu haachi kiti kwa mtoto. Godefroid naye alikuwa na hofu yake. Mkasai kijana, mwenye cheo, na kosa mkononi. Walikuwapo wenyeji katika mji, wasiowapenda Wakasai, ambao wangefurahi kumwona anafunga mizigo. Basi Kunda alipokuja, Godefroid alisema bila kuombwa na mtu kwamba kebo ilifika imeumia, kwamba bila shaka bobini iliangushwa melini. Abibu alikuwa amesimama pale pale. Alitazama viatu vyake. Meli ilikuwa mbali na haikuwa na mtu wa kuitetea.

Uongo una faida moja, humfanya mtu afanye kazi sana. Godefroid alirudi kwenye mpango wake, akalikagua shimo ghorofa kwa ghorofa na taa, na kwenye ghorofa ya nne akakuta kona ambayo waashi hawakuijenga kama alivyoichora. Ilikuwa kali, na kebo ilikuwa imelazwa juu ya ukingo wake. Alikaa kitambo na msumeno mkononi, kisha akaikata kebo pale pale. Kipande cha chini kikapitisha mwanga. Kipande cha juu kikapitisha mwanga. Ilikuwa imevunjika mahali pamoja tu.

Hapo akachora mpango mpya. Mashine kubwa haitakaa juu tena, itakaa ghorofa ya nne, na vipande viwili vitakutana hapo, kimoja kikihudumia chini na kingine juu. Chumba pekee kilichokuwa wazi kwenye ghorofa hiyo ni kile kilichotengwa kwa kupika chai.

"Akili ya Gorofa Saba itakaa na masufuria," Mutale alisema, na safari hii hakuna aliyecheka sana.

Vipande hivyo vilikuwa vifupi, havikufika chumbani. Bahati nzuri Godefroid alikuwa ameacha mizunguko ya akiba, mmoja kule chini, mwingine kule juu. Waashi wakaisawazisha ile kona. Ilibaki kuvuta tena, kile cha chini kipandishwe na kile cha juu kiteremshwe, na kikivunjika safari hii hakuna chumba cha chai cha kuwaokoa. Kwa wimbo haiwezekani. Kwa kimya walikwisha kuona. Abibu alirudi nyumbani na swali hilo, hakula.

Ijumaa ile alifariki Mzee Kasimu, fundi wa baiskeli, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Abibu alikwenda kuzika kama ilivyo haki ya jirani. Jeneza lilitoka nyumbani likapita kwenye mabega ya watu, na kila mwanamume alitaka japo hatua chache za thawabu, kwa hiyo mabega yalibadilishana njia nzima. Hapakuwa na kapita. Hakuna aliyehesabu wala kupaza sauti. Watu walinong'ona tahlili chini chini, na aliye mbele hakuliachia jeneza mpaka asikie uzito umeshapokewa na mwingine. Abibu alipofika chini ya ule ubao, mgongo unamlilia, ndipo alipoona kwamba njia ile yote, mashimo na mitaro, maiti hakutikiswa hata mara moja. Machozi yakamtoka. Watu walidhani ni ya Kasimu, na mengine kweli yalikuwa ya Kasimu.

Jumatatu aliwakusanya wavutaji chini ya shimo.

"Leo hatuvute kebo," aliwaambia. "Leo tunabeba maiti."

"Weye, Papa Abibu!" Mutale alishtuka.

"Minasema maiti. Kila mutu apokee kwa mwenzake. Usiachie mpaka usikie mwenzako ameshabeba. Na hakuna kulalamika, kwani ku matanga nani analalamika uzito?"

Walielewa. Katika kikosi kile, Mwislamu kwa Mkristo, hakuna ambaye hakuwahi kubeba wake. Kebo ikaanza kupanda mkono kwa mkono, polepole hata ungesema haiendi. Abibu alinong'ona tahlili yake. Ghorofa ya tatu Mutale aliguna wimbo wa kanisani bila maneno. Mwingine alitaja majina ya watu wake, mmoja mmoja. Sauti zile zilijaa shimoni, hazina mpigo, hazina mwanzo wala mwisho. Kule chini wapaka rangi wa duka la vitambaa waliacha brashi, wakavua kofia, wakauliza ni nani aliyekufa. Kilipomalizika kipande cha chini kilikuja kipande cha juu, na kiuno cha Abibu kilikuwa kimekwisha kuwa si chake.

"Taa!" Godefroid alipiga kelele ndani ya chumba cha chai. "Papa Abibu, kuja kuona! Taa!"

Abibu aliinama kwenye lenzi. Aliona nukta nyeupe, ndogo kupita mbegu ya ufuta, kisha nyingine, na nyingine. Furaha ilimwingia yote kwa pamoja hata akakaa sakafuni. Nimemaliza, alijiambia. Kweli nimemaliza. Alima ataingia hapa na salopeti yake, nami nitalala mpaka saa sita.

Siku ya kukabidhi jengo, Citoyen Kunda alikuja na wenye jengo na wake zao. Kompyuta ziliwashwa, ghorofa ya kwanza ikazungumza na ya saba, watu wakapiga makofi. Kunda hakuwa mtu mbaya, nami sitaki umwone hivyo. Alifurahi kwa dhati. Alimshika Abibu mabega yote mawili mbele ya wageni.

"Benzangu, munamuona huyu? Kebo ilifika imevunjika, na yeye akaipandisha bila kuigusa ubaya hata kidogo. Papa Abibu, muntu kama weye, tukuachie uende wapi? Likasi banataka kebo hii, Kolwezi banataka. Nani ataipandisha? Utabaki na siye mpaka nguvu zikuishie."

Makofi yakaanza upya. Abibu alingoja yapoe.

"Na mutoto, Citoyen Directeur?"

"Mutoto iko kijana, atangoja. Kiti moja, muntu moja. Si unajua?"

Abibu alisikia masikio yakimpiga kelele. Hakuwa amepanga kusema, lakini aliyechoka mno hukosa nguvu hata za kuficha.

"Citoyen Directeur, kebo haikuvunjika ku meli. Ni miye njo niliivunja. Niliimba."

Kunda alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika tumbo. "Munasikia? Na tena anajishusha! Lwimbo inavunja kebo? Injinia, weye ulisomea mambo haya. Lwimbo inavunja kebo?"

Wageni nao walicheka. Abibu alimgeukia Godefroid, na Godefroid alikuwa anatazama viatu vyake, sawasawa kama Abibu alivyotazama vyake siku ile. Alikuwa amegeuka rangi. Abibu angeweza kumkazia, kumwambia sema, mwanangu, sema ulichokisikia na ulichokipigia makofi. Lakini kumkazia ni kumvua nguo kijana mbele ya wake za watu, na kijana alisema uongo ule ili kumfunika mzee pamoja naye. Siku meli iliposingiziwa, Abibu alikuwa wapi? Alikuwa pale pale, kimya. Akafunga mdomo. Kunda akampa mkono, na mtu akaleta soda.

Alirudi Kenya kwa miguu, jua likiwa bado juu ya mapaa. Alima alikuwa mbele ya nyumba na karai lake la mafuta. Alimwona baba yake kutoka mbali, akaitoa sufuria ya unga njiani ili apite.

"Balifurahia kazi, Papa?"

"Balifurahia sana, mwanangu. Njo ile ilituua."

Akamweleza kwa maneno machache, amesimama, mkono kiunoni. Alima aligeuza maandazi yaliyokuwa karaini, yote, moja moja, yasiungue. Kisha akaingia ndani akamletea baba yake maji ya kunawa miguu.

Feza alikuwa amesikia yote mlangoni. Hakulaani mtu. Alikwenda nyuma ya mlango akaishusha salopeti kwenye msumari, akatafuta wembe, akakaa kizingitini penye mwanga.

"Unafanya nini?" Abibu aliuliza.

"Ile yako ilipasuka magoti mule mu shimo. Kesho utavaa nini?"

Abibu alitaka kumwambia aiache, aache ikae vile vile, angekwenda kazini na iliyopasuka. Alijilaza kwanza kwenye mkeka kando yake, mgongo upumue kidogo, ndipo aseme. Alisikia nyuzi zikikatika chini ya wembe, moja kisha nyingine, taratibu, maana Feza hakutaka kuumiza kitambaa. Kabla hajamaliza kufumua mguu wa kwanza, Abibu alikuwa amelala.